Kigoda Mbele ya Mama Mkwe

Maelezo ya mshtakiwa yalikuwa mistari kumi na mmoja ya Kiingereza safi, na chini yake palikuwa na alama ya dole gumba la mtu anayejua kusoma na kuandika.

Sajenti Mukhisa aliyasoma mara mbili akiwa amesimama. Kisha akayakunja, akayatia mfukoni na kuagiza Wepukhulu atolewe rumande.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, Januari ya mwaka wa 1951, na Kitale yote ilikuwa imekauka. Vumbi lilikuwa limekaa juu ya dirisha la ofisi ya upelelezi kama unga. Tangu mahindi yavunwe, amri ilikuwa imetoka juu kwamba kiangazi hiki madereva walevi wakomeshwe, na vizuizi vikawekwa kwenye kila barabara inayoingia mjini. Jana saa kumi na robo jioni, lori la Wepukhulu lililokuwa likitoka stesheni ya Bungoma na chumvi na mabati liligongana na gari la mlowezi, Bwana Pelham, kwenye kona iliyo chini ya kizuizi cha Daraja la Mawe. Chemutai, mama wa watoto watatu, alikuwa akipita kando ya barabara na kibuyu chake cha maziwa. Alikufa papo hapo.

Pelham alipelekwa hospitali ya Wazungu, mbavu mbili zimevunjika. Wepukhulu alipelekwa rumande. Kesho saa tatu asubuhi angesimama mbele ya hakimu, na kama hakimu angeyaamini maelezo yale, dereva huyo angeingia jela kwa kumuua Chemutai akiwa mlevi, na asingeshika usukani tena maisha yake.

Aliletwa akichechemea. Alikuwa mtu mrefu wa miaka kama thelathini na mitano, na goti lake la kulia, chini ya kaptura ya rumande, lilikuwa limeganda damu.

Mukhisa akamwonyesha karatasi. Akamwuliza kama ndiye aliyeyasema maneno hayo.

"Sijui, afande. Hakuna aliyenisomea."

"Na dole hili?"

"Ni langu. Walinishika mkono. Nilisema mimi naweza kuandika jina langu, nimefika darasa la nne kwa misheni, lakini nisomewe kwanza. Inspekta akasema kama sitaki kalamu nitatumia wino."

Mukhisa akamwuliza mambo mengine kwa utaratibu, moja baada ya moja, akiandika. Je, aliambiwa anashtakiwa kwa kosa gani? Aliambiwa amelewa. Je, aliambiwa kwamba halazimiki kusema lolote? Hapana. Je, alipimwa na daktari? Alikuwa ameomba daktari wa misheni, ambaye nyumba yake iko maili moja tu kutoka kizuizini. Inspekta Tolland alimjibu kwamba yeye mwenyewe ni daktari wa kutosha, akachora mstari wa chaki kwenye sakafu ya posti ya polisi, akamwamuru atembee juu yake.

"Ukatembea?"

"Kwa goti hili? Nilianguka hatua ya tatu. Wakacheka. Wakaandika."

Goti lile, alieleza, lilichanwa na mlango wa gari la Pelham. Yeye ndiye aliyemtoa Mzungu yule ndani ya gari, akamlaza chini, akamfungua ukosi apumue. Mtu mwingine hakuwapo, isipokuwa Chemutai, na Chemutai alikuwa hahitaji tena kufunguliwa ukosi.

Mukhisa akageuza ukurasa wa daftari. "Konstebo Kipruto ameandika kwamba kabla ya ajali ulikuwa ndani ya nyumba ya Nanyama, unakunywa busaa. Aliliona lori lako limesimama pale."

Kwa mara ya kwanza tangu aingie, Wepukhulu akainua kichwa. Aliutazama mkono wa sajenti, kalamu, kisha uso wake, kama mtu anayehakikisha anazungumza na nani.

"Wewe ni wa wapi, afande?"

"Bungoma. Upande wa Kimilili."

"Basi wewe nitakwambia, na utanielewa. Nanyama ni mama wa mke wangu."

Kalamu ya Mukhisa ikasimama.

Kila Mbukusu aliyelelewa na watu analijua jambo hilo kabla hajajua kuhesabu. Mwanamume haingii chumba alimo mama mkwe wake. Hamshiki mkono, hali chakula mbele yake, hanywi mbele yake, na wakikutana njiani ghafla, mmoja huingia kichakani mpaka mwingine apite. Busaa hunywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, watu wameketi wakitazamana. Kumwambia Mbukusu kwamba alikaa kwenye chungu na mama mkwe wake ni sawa na kumwambia alivua nguo sokoni, na watu wazima wakimtazama.

"Ulimwambia Inspekta?"

"Nilimwambia. Alisema Waafrika wana hadithi nzuri."

"Aliiandika hiyo hadithi?"

"Hakuandika neno."

"Lakini lori lilisimama."

Lilisimama, Wepukhulu alikubali. Alikuwa amemletea Nanyama kimea cha pombe, mkebe mmoja kutoka gunia lake, kwa sababu wiki ijayo angekuwa na watu wa kumpuria mahindi. Alipiga honi mara mbili, akauweka mkebe kwenye ua, akazunguka upande wa pili wa lori na kuwasha sigara akitazama barabara. Alingoja muda wa sigara moja ili mwanamke asikutane naye ghafla, akaondoka.

Mukhisa akafunga daftari. Alimwamini, na kule kumwamini hakukuwa na faida yoyote. Hakimu alikuwa mtu wa Ulaya aliyefika nchini mwaka juzi. Angesikia neno mama mkwe, angetabasamu, na Wepukhulu angekwenda jela pamoja na desturi zake.

*

Lori lilikuwa uani nyuma ya kituo, bampa limekunjwa. Mukhisa akafungua mlango wa dereva, na harufu ya busaa ikampiga usoni.

Akasimama hapo kidogo. Kisha akapanda, akapiga magoti kwenye kiti na kuifuata harufu kwa pua kama mbwa, bila aibu, askari wawili wakimtazama kutoka kivulini. Chini ya kiti alikuta gunia dogo limepasuka. Kimea kilikuwa kimemwagika, na debe la maji ya rejeta lilikuwa limepinduka juu yake. Usiku mmoja na joto la asubuhi vilikuwa vimetosha kukichachusha. Jana jioni kilikuwa unga mtupu. Akachukua kiasi katika karatasi, akaikunja na kuiandika saa.

Kisha akaomba nguo za mshtakiwa. Mlinzi wa rumande alikuwa mzee mmoja mwangalifu ambaye alifunga kila kitu katika gazeti. Mukhisa akalifungua shati mezani, akainama.

Haikuwa busaa. Ilikuwa wiski, tena nyingi, kuanzia kifuani mpaka kwenye kwapa la kushoto, mahali ambapo mtu hubeba kichwa cha mwenzake anapomvuta kutoka ndani ya gari. Akaikagua suruali kwa vidole. Katika pindo la mguu wa kulia akapata kipande cha kioo chenye nusu ya karatasi ya chupa.

Hakuna duka Kitale lililomuuzia Mwafrika wiski. Wepukhulu angekutwa nayo mkononi, hiyo peke yake ingekuwa kesi nyingine. Na konstebo aliyemkamata, aliyesimama karibu naye kiasi cha kuandika kwamba "alinuka pombe ya kienyeji", alikuwa ameinusa chupa ya Bwana Pelham.

Alikuwa akimalizia kufunga gazeti wakati Inspekta Tolland alipoingia. Alikuwa amevaa kaptura yake ya tenisi. Alitazama gazeti, akatazama daftari.

"Wewe nataka nini kwa hii kesi, Mukhisa? Hii kesi nakwisha."

Mukhisa akasimama wima. Alisema kwamba upande wa mashtaka una shahidi mmoja tu wa ulevi, na kwamba hakimu wa sasa hupenda shahidi aonyeshe mahali kwa kidole. Ingefaa Konstebo Kipruto aende nyumba ya Nanyama, aonyeshe kigoda, chungu na mlango, na mshtakiwa awepo ili asije akasema hakuonyeshwa. Yote hayo yaliandikwa katika kitabu cha mafunzo, na Mukhisa akataja ukurasa.

Tolland akafikiri, akaona ni jambo zuri. Akatia sahihi karatasi ya Landrova.

"Mzuri. Na lete hiyo mama ya pombe kesho, shahidi."

"Ndiyo, bwana," Mukhisa akasema. "Mimi nitamleta."

*

Kizuizi cha Daraja la Mawe kilikuwa gogo moja juu ya mapipa mawili, na kibanda cha mabati ambamo Konstebo Kipruto alikuwa akinywa chai, mwenzake akiwa nje kwenye zamu. Alikuwa kijana wa Eldoret, mwenye viatu vinavyong'aa na miezi mitano kazini. Alimpigia Mukhisa saluti vizuri.

Mukhisa alimwacha Wepukhulu ndani ya Landrova, amefungwa pingu, pamoja na dereva. Akaomba daftari la kizuizi. Jumamosi yalisimamishwa magari thelathini na moja, kila moja na jina la dereva, saa, na neno mzima au mlevi. Akapitisha kidole kwenye majina. Wekoye, Wahome, Singh, Kimaiyo, Wekoye tena.

"Gari la Bwana Pelham lilitoka klabu Kitale, likapita hapa dakika chache kabla ya ajali. Ni kweli?"

"Kweli, afande."

"Mbona halimo?"

Kipruto alionekana kutoelewa swali. "Wazungu hatuwasimamishi, afande. Tunainua gogo. Tunapiga saluti."

"Ulimpigia?"

"Nilimpigia."

"Alikuwa akiendesha namna gani?"

Kijana akatazama chai yake. Alisema gari lilikuwa na haraka kidogo. Mukhisa akaandika haraka kidogo, akamwonyesha alivyoandika, akaendelea. Kutoka pale kizuizini, nyumba ya Nanyama ilionekana vizuri bondeni, paa la nyasi na ghala la mahindi, hatua kama mia tatu. Mlango wake ulitazama upande mwingine.

Mukhisa akamwomba amweleze alichokiona, polepole, kwa sababu mkono wake ni mzito wa kuandika. Kipruto akaeleza. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuona raha, kama mtu anayeimba wimbo alioukariri. Baada ya kuliona lori limesimama, aliteremka kuangalia. Wepukhulu alikuwa ameketi kwenye kigoda cha kushoto, mrija mdomoni. Nanyama alikuwa mbele yake, akiongeza maji ya moto chunguni. Walikuwa wakicheka.

"Wakitazamana?"

"Wakitazamana, afande. Kama mimi na wewe."

"Alipoondoka, aliaga?"

"Alimshika mkono yule mama. Ati akamwambia pombe yake ni tamu."

"Mkono gani?"

"Wa kulia."

"Rudia hapo pa mkono, nimechelewa kuandika."

Kipruto akarudia. Mukhisa akaandika mkono wa kulia, akapiga mstari chini yake, akamwambia achukue kofia yake, wanateremka kuonyesha kigoda.

*

Landrova ilikuwa haijasimama vizuri uani kwa Nanyama wakati Wepukhulu alipotambua wamefika wapi. Aliteleza kutoka kwenye kiti mpaka sakafuni, akavuta gunia tupu kwa mikono yake yenye pingu na kujifunika kichwa nalo. Goti lake bovu liligonga chuma, likaanza kutoka damu upya.

"Shuka," Kipruto akamwambia.

"Nipige risasi hapa hapa. Sishuki."

Mlango wa nyumba ukafunguka. Nanyama, mwanamke mnene wa makamo mwenye kitambaa cheupe kichwani, alitoka na ungo. Aliwaona askari. Kisha akaliona goti lile na kiatu kile kupitia mlango wa nyuma wa Landrova, akavitambua. Ungo ukaanguka, mahindi yakatawanyika, na mwanamke yule akakimbia, na unene wake wote, mpaka nyuma ya ghala. Akasimama huko akiwapa mgongo, uso ameuficha kwenye nyasi za ghala.

Kipruto alibaki na mkono wake umenyooka kuelekea mlangoni, kidole tayari.

"Wewe wa kofia," sauti ya Nanyama ikatoka nyuma ya ghala, kisha salamu ya Kibukusu. "Mulembe. Sijui jina lako. Nimekukosea nini mpaka unaniletea mkwe wangu mlangoni, amefungwa kama mbuzi, nimwone?"

Mukhisa akavua kofia. Alimwomba radhi kwa Kibukusu, kwa maneno ambayo mtu hutumia msibani, kisha akarudi kwenye Kiswahili ili kila aliyekuwapo asikie. Alimwuliza kama jana Wepukhulu aliingia nyumbani kwake.

Mwanamke alipojibu, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Nani amesema hivyo?"

"Imeandikwa, mama. Kwamba aliketi mbele yako kwa chungu. Kwamba alikushika mkono."

"Basi aliyeandika hana mama."

Alieleza akiwa vile vile, akiongea na nyasi. Jana alisikia honi mara mbili. Akakaa ndani, kama afanyavyo siku zote, mpaka injini ikaondoka. Akatoka, akakuta mkebe wa kimea kwenye ua. Hata hajaufungua. Kisha akausikia ule mshindo wa kwenye kona, na akapiga magoti hapo hapo, kwa sababu alidhani binti yake amekuwa mjane.

Mkebe ulikuwa mlangoni. Mukhisa akaufungua, akalinganisha unga wake na ule wa kwenye karatasi yake. Wa mkebe ulikuwa mkavu, lakini wa rangi ile ile. Akaingia ndani peke yake. Chungu kikubwa kilikuwa kimeinamishwa ukutani, kikavu, buibui ameshaanza kazi mdomoni mwake. Hapakuwa na mrija. Vigoda vilikuwa viwili, vyote vimepangwa mahindi ya mbegu juu yake, vumbi la wiki nzima halijaguswa. Akatoka.

"Konstebo, nionyeshe kigoda cha kushoto."

Kipruto alikuwa anatazama Landrova. Chini ya gunia Wepukhulu alikuwa akitetemeka, mtu mzima, dereva kwa miaka kumi na miwili, na haikuwa kwa hofu ya jela. Hata kijana wa Eldoret aliweza kuona hivyo.

"Kwetu si hivi, afande," akasema kwa sauti ndogo. "Kwetu mtu anaweza kuketi na..."

"Kwenu si hivi. Ndiyo maana uliandika hivyo. Ungekuwa wa huku, ungetafuta uongo mwingine, ukamweka kwa chungu cha mjomba wake, na leo ningekuwa sina la kufanya." Mukhisa hakupaza sauti. Alikuwa anakunja mdomo wa karatasi ya kimea, akaukunja tena, mpaka ukawa mdogo kabisa. "Chemutai amelala chumba cha maiti. Watoto watatu. Mtu aliyemgonga alitoka klabu na chupa ndani ya gari, ukamwinulia gogo na kumpigia saluti. Na aliyemvuta huyo mtu kutoka kwenye vyuma ukamshika mkono na kuutia wino."

"Mimi sikumshika mkono. Inspekta ndiye..."

"Nyamaza."

Kijana akanyamaza, mdomo wazi. Alikuwa tayari kusema yote, yalikuwa yamefika kwenye meno. Mpelelezi yeyote angemwacha ayamwage. Mukhisa akaketi kwenye bampa la Landrova, akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe, saa, mahali, na jina la kila aliyekuwapo.

"Konstebo Kipruto, nakuchunguza kwa kosa la kutoa maelezo ya uongo dhidi ya dereva Wepukhulu. Umeelewa kosa?"

"Nimeelewa."

"Hulazimiki kusema neno lolote isipokuwa ukitaka mwenyewe. Utakalosema nitaliandika, na linaweza kutolewa mahakamani. Nitaliandika kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha unayoielewa. Nikimaliza nitakusomea mpaka mwisho. Penye kosa utaniambia, nami nitasahihisha mbele yako. Ndipo utie sahihi, kwa kalamu, kama unataka. Kama hutaki, hutatia, na hakuna atakayekugusa mkono. Umeelewa?"

"Nimeelewa, afande."

"Unataka kusema?"

Kipruto akavua kofia yake. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta. Akasema kwamba hakuteremka bondeni jana. Aliliona lori tu. Mengine yote, kigoda, maji ya moto, kicheko, mkono, aliambiwa na Inspekta Tolland ayaandike, na kwamba wino na dole pia ni kazi ya Inspekta. Mukhisa aliandika kurasa mbili. Alimsomea yote, polepole. Kijana alisahihisha saa mahali pamoja. Akatia sahihi.

Nyuma ya ghala Nanyama alikuwa bado amewapa mgongo. Mukhisa akamwambia kwamba kesho kutwa, hakimu akipenda, mkwe wake atapita tena na honi yake.

Alikuwa akifunga daftari wakati gunia liliposogea.

"Afande," Wepukhulu akauliza kutoka chini. "Hayo maneno uliyomwambia. Kwamba halazimiki. Kwamba atasomewa. Yametoka lini?"

"Yapo siku zote."

"Hata Jumamosi?"

Mukhisa akatazama juu, kule kizuizini. Gari jeusi lilikuwa likitokea upande wa Kitale kwa kasi, na konstebo wa zamu alikuwa ameshainua gogo na mkono wa saluti.

"Hata Jumamosi," akasema.